Shangazi, semina inataka tunu zangu tano na mie naona sina hata moja

Assalaam aleikum Shangazi,

Mie msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo nimeshika simu saa saba za usiku maana usingizi umegoma. Jina langu usilitoe na hoteli usiitaje, kisiwa hichi kidogo. Nina miaka 31, kwetu Pemba, shamba huko kaskazini, na kazi nafanya hoteli moja ya pwani ya mashariki hapa Unguja, upande wa huzikiping.

Nilianza na troli kama wenzangu, vyumba 13 kwa siku, miaka sita. Mwezi wa tatu mwaka huu wakanipa usupavaiza. Nina watu 11 chini yangu na wengine tumeanza kazi siku moja, tulikuwa tukikaa kantini tunawasengenya masupavaiza na sasa mie ndo nasengenywa, hilo nshalizoea.

Kinachonikosesha usingizi ni hichi. Mwaka jana nilimuombea kazi mtoto wa mama mkubwa. Na huyu mama mkubwa Shangazi si wa jina tu, ndo aliyenilea miaka minne nilipokuwa nasoma skuli Wete maana kwetu mbali, nimekula kwake, nimelala kitanda kimoja na huyu ndugu yangu tangu hajaota meno ya ukubwani. Alipopata kazi mama yangu alinipigia simu akanambia neno moja tu, "mtoto wa dada yangu huyo, usije ukamuaibisha mbele za watu".

Pale kwetu kuna kanuni, mgeni akisahau kitu chumbani kinaandikwa siku ile ile kwenye kitabu cha losti faundi, chumba, saa na jina la aliyekiona, halafu kinawekwa stoo. Mgeni asipokidai miezi mitatu anapewa aliyekiona. Mwisho wa Julai hoteli imejaa mpaka mlangoni, mgeni kaondoka asubuhi, saa tisa kapiga simu yuko uwanja wa ndege, kasahau pawabenki. Naangalia kitabu, hamna. Namuuliza aliyefanya kile chumba, ambae ni huyu ndugu yangu, akasema hajaiona. Wakati anasema alikuwa anaiangalia troli, mie hakuniangalia. Nikaenda chumba cha kubadilishia nguo na wallahi sikupekua, mkoba wake ulikuwa wazi na waya mweupe umetokeza chini ya kanga. Nikaichukua, nikaenda nayo resepsheni nikasema imeonekana nyuma ya kitanda. Jioni kwenye gari la wafanyakazi tukakaa siti moja. Yeye hakusema kitu na mie sikusema kitu. Alikuwa na ubuyu, akanipa, nikala.

Siku tisa baadae mlinzi wa getini akamkuta kijana wetu mmoja wa Bara na vichupa viwili vya shampuu vilivyotumika nusu. Kanuni inasema vimwagwe, tusitoke navyo. Nikamuandikia woning, onyo la maandishi, kwa mkono wangu mwenyewe na nikamsainisha kwenye kikao cha asubuhi, wenzake wote wamesimama. Akasaini, akanirejeshea peni, akasema "sawa dada, kosa langu mimi ni kutokuwa na mjomba hapa". Watu wakacheka kidogo kisha wakanyamaza. Mpaka leo sijui kama anajua kitu au alisema tu.

Sasa hapo ndo ikaja semina. Kaja mshauri kutoka Nairobi, katugawia karatasi ina maneno 60, anasema kiongozi asiyezijua tunu zake, yaani mambo anayoyathamini, ni kama chombo bila ya usukani, chagueni tano. Nikachagua uadilifu, uwazi, uwajibikaji, upendo na ubunifu. Ubunifu niliuweka ili zitimie tano. Wiki mbili zijazo kila mtu anatakiwa asimame mbele ya meneja na watu wa HR aelezee tunu zake na mfano wa kazini, na nimesikia fununu kuwa wanatafuta msaidizi wa mkuu wa huzikiping na jina langu limo. Nikija nyumbani nikiisoma ile karatasi nahisi kichefuchefu. Uadilifu gani? Uwazi gani?

Marehemu baba alikuwa msimamizi kwenye shamba la mikarafuu la mtu. Jioni tukishachambua anapima kwa pishi, vibaba vinne ndo pishi moja, na kila mchumaji analipwa kwa pishi zake. Baba anajaza, anapitisha kiganja juu kufuta, ziada inaanguka jamvini. Msimu mmoja mjomba, kaka yake mama, pishi yake ya mwisho haikujaa, ilipungua vidole viwili hivi. Akasema "iandike tu shemeji, vidole viwili hivo". Baba akaandika pishi tisa na vibaba vitatu. Mjomba akaondoka hata chai hakunywa. Usiku baba akanipa samaki, kolekole mzima aliyemnunua kwa pesa zake nimpeleke kwa mjomba, nikaenda na kandili. Sijui kwa nini nakueleza haya, yamenijia tu, na kila yakinijia nahisi mie si mtoto wa yule mtu.

Nataka unambie Shangazi, tunu zangu ni zipi khasa? Nikatae kupandishwa? Nikaseme kila kitu? Au nikae kimya nianze upya?

Asiyelala, Unguja

SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Kwanza nimebadilisha vitu viwili vitatu kwenye barua yako asije mtu akakutambua, usishangae ukiona mwezi si ule.

Nimeisoma mara tatu. Nilivyokuelewa, umepewa watu wa kuwaongoza, ukamsitiri mmoja kwa sababu ni wa damu yako na unadaiwa na mama yake, kisha ukamwadhibu mwengine kwa kosa dogo kuliko lile, mbele ya watu, na sasa umeambiwa usimame useme weye ni mtu wa aina gani. Na jibu ulilojipa mwenyewe saa saba za usiku ni kuwa weye ni mnafiki. Kama kuna pahala nimekosea utanisahihisha.

Hebu tuanze na hilo la unafiki, maana mie silioni hivo. Mtu asiye na tunu angekula ule ubuyu akalala. Weye umekula na mpaka leo ladha yake iko mdomoni. Tatizo lako si kuwa huna, naona unazo nyingi na zimegongana mlangoni zote zinataka zipite mara moja. Kuna kulipa fadhila ya mama mkubwa, kuna stara, kuna muhali, ule wa kushindwa kumkatalia mtu wako, kuna amana ya mgeni, kuna insafu, yaani haki sawa, kwa wale 11. Utaona hamna hata moja iliyokuwemo kwenye zile tano ulizochagua, labda insafu kwa jina la uadilifu, na huo nao uliuchagua kwa sababu neno zuri. Simlaumu yule mshauri, kazi yake anaifanya, lakini maneno 60 kwa chati na kahawa ya saa nne mtu atachagua yale ambayo hayamkeri meneja.

Kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Shalom Schwartz, mwaka 1992 alitoa utafiti alioufanya nchi 20 kuhusu mambo ambayo watu wanayathamini maishani, akayapanga mafungu 10 kwenye duara. Kilichonivutia mie ni kuwa kuwajali watu wako wa karibu kakuweka fungu lake, na kuwatendea haki watu wote hata usiowajua kakuweka fungu jengine. Yamekaa jirani, ila si kitu kimoja. Sie hapa tunayachanganya, tunasema "fulani mtu mzuri" na mara nyingi maana yake ni kuwa mzuri kwa jamaa zake. Weye siku ile ya pawabenki ulikuwa mzuri sana fungu la kwanza. Siku ya shampuu ukalikumbuka la pili, ukalitia kwa nguvu zote juu ya kichwa cha kijana ambae la kwanza halimhusu.

Na hapo nina suali, lijibu mwenyewe usinijibu mie. Ile woning uliiandika kwa sababu ya shampuu au kwa sababu ya pawabenki?

Nauliza kwa sababu nimewahi kuwaona watu wakiwa wakali mno siku chache baada ya kulegea pahala. Inaweza kuwa sivyo kwako, inaweza kuwa kanuni ni kanuni na kijana alikosa kweli na ulifanya kazi yako. Lakini vichupa viwili vya nusu vya kumwagwa, mbele ya kikao kizima, na peni mkononi... mbona hukumuita pembeni? Na yule wa pawabenki ulimuita wapi? Hukumuita kabisa. Ulimpa siti dirishani.

Sasa hili la stara. Najua unalifikiria maana na mie ningelifikiria. Sote kwenye chuo cha Kurani tumefundishwa kuwa mwenye kumsitiri mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri, na sie watu wa visiwani hilo tumelishika kweli kweli. Chuo hicho hicho tukafundishwa kisa cha yule mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, jamaa zake wakaona aibu wakamtuma Usama bin Zaid, kijana aliyependwa sana na Mtume, akamuombee, na Mtume akakasirika akasema waliokuwa kabla yetu waliangamia kwa sababu mwenye hadhi akiiba wanamuacha na mnyonge akiiba wanamwadhibu. Mie si sheikh na sitaki kukutolea fatwa, na pawabenki si kesi ya namna hiyo. Nakutajia vyote viwili kwa sababu vyote viwili ni vyako, umelelewa navyo, na hakuna semina itakayokuondolea kimoja. Suali ni wakati gani unashika kipi, na ukishika hichi nani anaumia.

Maana yake ndo hivi, stara haikuwa na ubaya wowote mpaka siku ya kumi. Siku ya kwanza mgeni kapata kitu chake, ndugu yako kaponea, weye umesema uwongo mmoja mdogo nyuma ya kitanda. Ungeniandikia siku ile pengine ningekupa pole tu. Kilichoigeuza ni yule kijana. Alilipa yeye.

Turudi kwa baba yako, Mungu amrehemu. Umesema hujui kwa nini umenieleza. Mie najua, au nadhani najua. Hilo neno tunu hizi siku hizi wanalitumia maofisini, lakini sie tuliokua zamani tunu ni kile kitu unacholetewa na mtu aliyetoka safari, kizuri, adimu, hukukinunua dukani. Sasa badala ya kuuliza "tunu zangu zipi" jiulize nani alikuletea nini. Katika barua nzima umeandika neno uadilifu mara moja mbili kwa kichefuchefu, lakini ulipofika kwenye pishi mkono wako ulitulia, ukaandika kiganja, jamvi, vibaba vitatu, kandili, hakuna aliyekuomba. Ulikuwa mtoto na mpaka leo unakumbuka hesabu. Miaka yote hiyo unakumbuka pishi tisa na vibaba vitatu!

Ila usimfanye baba yako sanamu. Ukisema "mie si mtoto wa yule mtu" unamkumbuka nusu, unaikumbuka pishi unamsahau samaki. Yule mzee hakuacha kuwa shemeji. Aliona kuwa vile vidole viwili akiviandika vinatoka kwa mwenye shamba, si vyake yeye kuvigawa, basi akapima kama ilivyo, na upendo wake kwa mjomba akautoa mfukoni mwake mwenyewe. Mie hapo ndo nimekaa sana nikifikiri. Weye imani uliyomfanyia ndugu yako uliitoa mfuko wa nani? Nahisi kama kuna kipimo chako pahala basi kiko humo humo, lakini weye ndo unayeijua kazi yako, pengine utaona jengine.

Haya, tuje kwenye njia ulizozitaja, na nyengine hukuzitaja.

Kwenda kusema kila kitu kwa mkuu wako. Inawezekana, na baadhi ya watu wakishafanya hivo wanalala siku hiyo hiyo. Lakini ujue unachokichukua mkononi. Ndugu yako anaweza kupoteza kazi, na weye uliyesema uwongo resepsheni unaweza kupoteza zaidi ya cheo. Wakubwa hawafanani, kuna atakaekuheshimu na kuna atakaekutoa mfano. Ukiamua hivo usiende kwa pupa saa mbili asubuhi hujalala, nenda unajua unasema nini na humsemei mtu mwengine ambae hayupo. Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira, Namba 11 ya 2005, si ile ya Bara, isome kabla au mtafute mtu wa chama cha wafanyakazi akuelezee, maana ndugu yako kama mtuhumiwa naye ana haki ya kusikilizwa.

Kuzungumza na ndugu yako kwanza. Hili nimeshangaa hukuliuliza hata! Umeniuliza kuhusu meneja, kuhusu cheo, kuhusu kukaa kimya, yeye umemruka kama dimbwi. Hamjasemeshana juu ya jambo hili tangu siku ya ubuyu. Unajua aliichukua kwa nini? Unajua kama ni mara ya kwanza? Mie sijui, na weye hujui, na wakati huu yeye huenda anafikiri umemruhusu. Hatari yake naijua, kabla hujafika nyumbani simu ya Pemba itakuwa imeshalia. Sawa. Lakini hebu nikuulize, hivi mama mkubwa ulishamuuliza yeye anataka nini? Aliyekwambia usimuaibishe mtoto ni mama yako, si mama mkubwa. Mwanamke aliyelea mtoto wa mdogo wake miaka minne mbali na wazazi, akakusimamia mpaka ukamaliza skuli, una hakika gani angefurahi kusikia bintie anabeba vitu vya wageni na weye unamfunika? Huenda angefurahi, watu ni watu. Ila huo muhali wote unaoubeba naona umejitwisha bila ya mwenyewe kukutwisha.

Kijana wa Bara. Unaweza kumuita pembeni ukamwambia adhabu ilikuwa kubwa kuliko kosa na kumsainisha mbele za watu hukufanya vizuri. Unaweza ukaenda HR ukaomba ile woning iangaliwe tena. Vyote viwili atakuuliza mtu "kwa nini sasa", na hapo ukitoa nusu ya ukweli utajikuta umechimba shimo la pili. Pia utajiambia nikimuomba radhi watanipanda kichwani. Inawezekana wapo watakaojaribu. Lakini wale 11 walicheka kidogo kisha wakanyamaza, umeandika mwenyewe, na kwenye kunyamaza kule nadhani kuna mtu alikuwa anapima. Na jengine dogo tu, ulimwadhibu hadharani, ukimuomba radhi faraghani hajarejeshewa ulichomchukulia. Sisemi usimame kikaoni, nasema lifikirie.

Kuna njia moja ambayo naona inaweza kwenda pamoja na yoyote utakayochagua, nayo ni kumwambia mkuu wako kuwa yule ni ndugu yako wa damu na ungependa asimamiwe na supavaiza mwengine. Hoteli kubwa wanaelewa mambo haya. Lakini kama ndo utafanya hili peke yake ujue umehamisha uchafu chumba hichi ukaupeleka kile, na weye kwa kazi yako unajua vizuri kuliko mie kuwa hiyo si kufagia.

Na kukaa kimya ukaanza upya. Sitakwambia haiwezekani, watu wengi wameishi hivo na wakawa viongozi wazuri baadae. Nachoogopa ni kuwa siri hii si yako peke yako, mnayo wawili. Siku utakapotaka kumkanya kwa kuchelewa utaukuta ulimi mzito, na yeye akikuona mzito atajua kwa nini. Na wale wengine watauona huo uzito hata kama hawajui umetoka wapi.

Kuhusu kukataa cheo, mwanangu, hapo naomba usiamue usiku. Kukataa kunaweza kuwa ni heshima na kunaweza kuwa ni kukimbia, na kwa nje vinafanana. Ukikataa, chumba cha kubadilishia nguo kitabaki pale pale na mkoba utakuwa wazi na mtu mwengine ndo atauona.

Sasa ile prezentesheni. Una wiki mbili. Kuna mabwana wawili, Chris Argyris na Donald Schön, mwaka 1974 walieleza kitu ambacho bibi zetu nao walikijua ila hawakukiandika, kwamba mtu ana mambo anayosema anayafuata, na ana mambo anayoyafuata kweli akiwa kazini, na hayo ya pili mara nyingi mwenyewe hayajui mpaka ajitazame. Basi jitazame. Chukua daftari ndogo ile ile ya kuandikia vyumba, ukurasa wa nyuma, kila jioni kwenye gari andika jambo moja ulilolikubali kwa muhali, na jambo moja ulilolikataa ukahisi mwili umekuwa mwepesi. Pembeni yake andika nani kalipa. Basi. Usiandike maneno makubwa, andika "nimempa fulani ofu ya Ijumaa kwa sababu alilia, Salama kachukua vyumba vyake vinne". Siku kumi zitakutosha kuona kitu. Pengine utaona muhali si adui yako kila mara, ndo unaokufanya umkumbuke mwenye mgonjwa nyumbani, watu wanakupenda kwa hilo. Pengine utaona tunu zako ni mbili tu au tatu. Hakuna sheria ya tano. Ubunifu ufute kwanza, huo hata weye ulicheka.

Ukitaka kuwasimulia pishi ya baba, ni hadithi nzuri na meneja ataipenda mno. Ila kumbuka kijana wa shampuu huenda yupo chumbani anasikiliza, au atasimuliwa na waliosikia. Mie ningetaka kujua nitamtazama vipi wakati nasema "baba akafuta pishi". Huenda ukaona bora umalizane naye kabla. Huenda ukaona bora siku ile useme kitu chengine kidogo cha kweli, kwamba unajifunza kupima sawa na bado mkono unatetemeka. Hilo nalo linasemeka mbele za watu, usidhani viongozi wengine pale mikono yao imetulia.

Niandikie tena, hata mistari miwili. Na kuna kitu kimoja barua yako imekiacha na mie kimenikaa rohoni tangu juzi. Weye ndo uliyekwenda na kandili usiku ule, weye ndo uliyegonga mlango. Mjomba alimpokea yule samaki?